Plasta ya Udongo Isiyopasuka: Somo la Kazi ya Mikono kwa Vikundi



Ukitembelea maboma yaliyo kandokando ya barabara kutoka Rongo kuja Rodi Kopany, kisha ukaendelea upande wa Ndhiwa au ukateremka Homa Bay, utaona nyumba nyingi zenye mabati juu na udongo ukutani. Kwa nje zinapendeza. Ukikaribishwa ndani, mara nyingi mambo ni mengine. Ukuta una nyufa, vumbi linaanguka kwenye vikombe, na plasta imebanduka vipande vipande. Wengine wamechoka kusiriba kila mwaka, wakachukua pesa za nyoluoro na kununua saruji. Baada ya misimu michache ya mvua, saruji nayo ikaanza kuanguka. Pesa zimekwenda, na ukuta ni ule ule.

Katika somo hili tutajifunza kupiga plasta ya udongo ndani ya nyumba kwa mikono yetu, ikae, tena iwe na mapambo. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: plasta hupasuka kwa sababu udongo haukupimwa, na ukabandikwa mnene kwa siku moja. Kupima hakugharimu pesa. Kunataka subira tu.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Kwa Kijaluo inaitwa muono, na akina mama ndio walimu wake wa kwanza. Kwa hiyo kikundi kikianza somo hili, waulizwe kwanza wazee na akina mama wenye uzoefu: udongo mzuri mlichimba wapi?

Kwa nini tujisumbue?

Kwanza ni afya. Nyufa za ukuta ni nyumba za wadudu. Kunguni hujificha humo mchana na kutoka usiku. Papasi pia hupenda nyufa za ukuta na sakafu ya udongo, nao huleta homa ya papasi, ile homa inayoondoka na kurudi. Ukuta usio na nyufa huwanyima maficho.

Pili ni pesa. Udongo, mchanga na samadi tunavyo karibu. Tukijua kuvichanganya, pesa za kikundi zitabaki kwa karo, mbegu na matibabu.

Tatu ni heshima ya nyumba. Mgeni akiingia akakuta ukuta uliopambwa vizuri, anajua kwamba wenye nyumba wanajali.

Kwa nini saruji hubanduka kwenye ukuta wa udongo?

Saruji ikikauka huwa ngumu kama jiwe wala haisongi. Udongo ulio nyuma yake hunyonya unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kunywea. Kila msimu udongo unasonga na saruji imekaa pale pale. Mwishowe vinaachana. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole. Mahali panapolia kama debe tupu, saruji na udongo vimeachana tayari.

Tena saruji huzuia unyevu kutoka, na fito zilizo ndani ya ukuta huoza bila mtu kuona. Basi ukipata saruji, itumie sakafuni, au nje kwenye msingi ambapo maji ya mvua hurukia. Ukuta wa udongo upe plasta ya udongo. Ukuta wa matofali ya kuchoma au wa mawe ni habari nyingine, huo unaweza kushika saruji.

Tuujue udongo wetu

Sehemu nyingi za kwetu zina udongo mweusi, ule unaoshika viatu wakati wa mvua na kupasuka mipasuko mikubwa wakati wa kiangazi. Kama unapasua shamba, utapasua ukuta pia. Usiutumie peke yake kwa plasta. Tafuta udongo mwekundu au wa kahawia, au udongo wa kichuguu. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na majani, uchimbe ule wa chini.

Kuna majaribio mawili rahisi.

Jaribio la chupa. Chukua chupa ya kuonyesha ndani. Tia udongo mpaka theluthi moja, jaza maji karibu na shingo, weka chumvi kidogo, kisha tikisa kwa nguvu na uiweke mahali isisukumwe. Mchanga hutua chini kwa dakika moja hivi. Udongo laini kama unga hufuata baada ya saa chache. Mfinyanzi hutua polepole, pengine mpaka kesho yake. Sasa utaona matabaka na utajua kipi ni kingi.

Jaribio la kamba. Lowesha udongo kidogo, uukande kama unga wa chapati, halafu viringisha kamba nene kama kidole gumba. Isukume taratibu nje ya ukingo wa meza. Ikikatika kabla ya kufika sm 5, mchanga ni mwingi mno. Ikikatika kati ya sm 5 na 15, udongo unafaa. Ikipita hapo bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi na utahitaji mchanga zaidi.

Jaribio la viraka

Hili ndilo jaribio kubwa. Msilipuuze hata kama fundi anasema anajua.

Changanyeni udongo na mchanga wa mtoni kwa vipimo vinne. Tumieni gorogoro ili kipimo kisibadilike:

1. Udongo 1, mchanga 1
2. Udongo 1, mchanga 2
3. Udongo 1, mchanga 3
4. Udongo 1, mchanga 4

Bandikeni kila mchanganyiko kwenye ukuta ule ule mtakaoupiga plasta, kiraka cha sm 30 kwa sm 30, unene wa sm 1. Andikeni namba kando yake kwa msumari. Acheni mpaka vikauke kabisa, siku 4 hadi 7 kufuatana na hali ya hewa.

Kisha someni viraka. Kikipasuka, mfinyanzi umezidi. Pangusa kwa kiganja: kikimwaga mchanga, mchanga umezidi. Chagueni kiraka ambacho hakina nyufa na hakimwagi mchanga. Hicho ndicho kipimo cha boma hilo. Boma la jirani linaweza kuwa na kipimo kingine, maana udongo hubadilika hata ndani ya kijiji kimoja.

Vifaa

• Jembe, koleo na karai
• Debe la lita 20 na gorogoro
• Wavu wa kuchungia mchanga, na wavu wa dirisha kwa tabaka la mwisho
• Mwiko wa fundi na ubao wa kusawazishia
• Ubao mrefu ulionyooka, kama mita 1.5
• Kipande cha ubao kilichopigwa misumari mitano, cha kukwaruzia
• Brashi ya katani au ufagio laini
• Kifuniko cha plastiki kilichokatwa katikati, au jiwe laini la mtoni
• Samadi mbichi ya ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole

Tupige hesabu kabla ya kuchimba

Kumbukeni kanuni hii: debe moja la lita 20 la plasta hufunika mita 1 ya mraba kwa unene wa sm 2.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3.5, chenye kuta za mita 2.2 kwenda juu. Mzunguko wake ni mita 13. Mara 2.2 tunapata karibu mita 29 za mraba. Tukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 26.

Tabaka la kwanza la sm 1.5 litataka madebe 20 hivi. La pili la nusu sentimita litataka 6 au 7. La mwisho la milimita 2 litataka karibu 3. Jumla ni madebe 29 ya plasta iliyokorogwa. Udongo na mchanga hupungua vikichanganywa na maji, kwa hiyo ongezeni robo: madebe 36. Kama kipimo chenu ni udongo 1 kwa mchanga 2, mtahitaji madebe 12 ya udongo na 24 ya mchanga. Sasa kikundi kinaweza kugawana: kila mwanachama alete madebe mangapi?

Hatua za kazi

1. Kukoroga. Chungeni udongo na mchanga. Kwa tabaka la kwanza ongezeni karai 1 ya nyasi zilizokatwa kwa kila karai 3 za mchanganyiko, na karai 1 ya samadi kwa kila karai 4. Nyuzi za nyasi na samadi hushikilia udongo usipasuke unapokauka. Kanyageni kwa miguu mpaka vyote viwe kitu kimoja, funikeni kwa majani ya ndizi au karatasi ya nailoni, mlaze siku tatu au zaidi. Plasta iliyolala hushika vizuri kuliko ya leo leo.

2. Kutayarisha ukuta. Bandueni plasta yote iliyolegea. Kwenye jikoni kwangueni masizi na mafuta, maana udongo haushiki hapo. Zibeni mashimo makubwa na kuyaacha yakauke. Fagieni vumbi, kisha nyunyizieni maji kidogo. Ukuta uwe na unyevu, lakini maji yasitiririke. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta mara moja, na plasta inakufa kabla haijashika.

3. Tabaka la kwanza, sm 1.5. Chukua konzi ya udongo na uitupe ukutani kwa nguvu, halafu sukuma kwa kiganja. Kutupa hutoa hewa na kuingiza udongo kwenye vinyweleo vya ukuta. Ukiisha kusawazisha kwa mwiko, kwaruza ukuta mzima kwa ule ubao wa misumari. Mikwaruzo hiyo ndiyo itakayoshika tabaka la pili. Acheni likauke mpaka rangi ibadilike pote, wiki moja hadi mbili. Nyufa ndogo zikitokea hapa msiogope, tabaka la pili litazifunika.

4. Tabaka la pili, nusu sentimita. Nyunyizia maji tena. Tumia mchanganyiko ule ule bila nyasi ndefu. Pitisha ubao mrefu juu ya ukuta, utaona penye bonde na penye kilima. Sugua kwa ubao wa kusawazishia mpaka ukuta uwe sawa, uache ukauke.

5. Tabaka la mwisho, milimita 2. Hapa udongo na mchanga vipite kwenye wavu wa dirisha. Ili ukuta usitoe vumbi, tia uji mwepesi wa muhogo au wa ngano uliopikwa na kupoa. Msiutie mahali penye unyevu, maana utaota ukungu. Wenye kutaka rangi watumie udongo mwekundu au mweupe uliochungwa vizuri kwa tabaka hili.

Wakati wote wa kukauka, fungueni madirisha hewa ipite, lakini zuieni jua kali na upepo mwingi. Msiwashe moto chumbani kuharakisha. Haraka ya moto ndiyo huzaa nyufa. Miezi ya Januari na Februari, au Julai na Agosti, ni mizuri kuliko wakati wa mvua kubwa.

Mapambo ya mkono na mwiko

Tabaka la mwisho likiwa bado bichi nusu, ndipo tunapopamba. Bonyeza kwa kidole gumba. Alama ikibaki na udongo usishike kidole, wakati umefika. Ukichelewa, ukuta utakuwa mgumu.

Mawimbi ya vidole. Tandaza vidole vinne na uvute upinde kutoka kushoto kwenda kulia. Upinde wa pili uanzie pale wa kwanza ulipoishia. Haya wengi wetu tuliyaona kwenye kuta za nyanya zetu.

Mapigo ya mwiko. Inamisha mwiko kidogo, uvute mapigo mafupi, moja huku na jingine kule, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Patabaki matuta madogo. Ngoja dakika 15 hadi 20, kisha pitisha mwiko kwa wepesi sana juu yake ili kuvunja ncha kali.

Brashi. Pitisha brashi ya katani iliyoloweshwa kidogo, kwa kwenda chini au kwa duara.

Laini. Sugua kwa kifuniko cha plastiki au jiwe la mtoni mpaka ukuta ung'ae.

Yako mambo manne ya kuzingatia. Ukuta mmoja upambwe na mkono mmoja, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake na tofauti itaonekana. Usiachie ukuta katikati ukaenda kula: mpaka wa kazi ya asubuhi na ya jioni hautafutika. Fanyeni kazi wawili, mmoja apake na mwingine amfuate akipamba. Na kabla ya kuanza, jizoeze kwenye ubao mzee. Ukitaka kuona makosa, shika taa karibu na ukuta kwa upande. Kivuli kitakuonyesha kila kilima.

Mapambo yasiwe na kina zaidi ya milimita 2 au 3, maana mifereji mirefu hushika vumbi. Sebuleni pambeni mnavyotaka. Chumba cha kulala na jikoni fanyeni laini, masizi yapanguswe kwa urahisi na kunguni wakose pa kulala.

Vijana wetu wanaofanya kazi ya jipsamu mijini wanaweza kutumia mapigo haya haya. Ila bodi ya jipsamu haipendi maji, isiloweshwe kama ukuta wa udongo. Maungio ya bodi yazibwe kwanza kwa utepe na jipsamu, yakauke, yapakwe rangi ya kwanza, ndipo tabaka jembamba la mapambo lifuate.

Tahadhari

• Kupuliza dawa ya mbu. Mbu wa malaria hutua ukutani, na dawa inayopulizwa humo ndiyo humuua. Kazi hiyo ilifanywa Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka 2018. Mkisikia wapulizaji wanakuja, malizeni plasta kabla hawajafika. Anayesiriba ukuta baada ya kupulizwa anaifunika dawa, na mbu atatua salama.
• Shimo la udongo. Lifukieni kazi ikiisha. Shimo lenye maji huzaa mbu na linaweza kumzamisha mtoto.
• Vidonda. Mwenye jeraha mkononi au mguuni asishike samadi wala kuikanyaga. Pepopunda huingilia hapo. Ukikatwa na waya au msumari, nenda kituo cha afya.
• Chokaa. Wanaopaka chokaa juu ya plasta wakumbuke inaunguza. Funika mikono, linda macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali.
• Umeme. Zimeni umeme kabla ya kunyunyizia ukuta maji.
• Kupanda. Tumieni jukwaa au meza imara, msisimame juu ya kigoda kilichowekwa juu ya ndoo.

Kazi ya wengi

Mtu mmoja akipiga plasta nyumba nzima atachoka na kuharakisha. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na saga, watu wakasaidiana kazi ya boma moja kisha wakaenda la pili.

Nchini Mali, katika mji wa Djenné, kuna msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907. Wenyeji huusiriba upya pamoja, vijana wakikoroga udongo na pumba za mpunga na kupanda ukutani, akina mama wakileta maji. Nyumba ya udongo imesimama zaidi ya miaka 100 kwa sababu watu hawakuiacha. Na huko Burkina Faso, jumba la kifalme la Tiébélé, ambalo kuta zake hupambwa na wanawake, liliwekwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia. Basi tusione haya kwa sababu nyumba zetu ni za udongo.

Kwa kuwa kila tabaka linangoja kukauka, kikundi cha watu 12 kinaweza kushughulikia maboma matatu kwa zamu. La kwanza likikauka, mko la pili. Anzeni na nyumba ya mjane au mzee asiye na wa kumsaidia. Mtajifunza, naye atapata nyumba.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zilizopigwa saruji juu ya udongo? Hali yao ikoje leo?
2. Udongo mzuri uko wapi, na ni wa nani? Tutakubalianaje na mwenye shamba, na nani atafukia shimo?
3. Nani kati yetu anajua muono vizuri, na vijana gani watajifunza kwake?
4. Plasta ya nyumba moja itatugharimu siku ngapi na shilingi ngapi? Linganisheni na bei ya saruji dukani.
5. Nyumba ya kwanza itakuwa ya nani?

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kibandike viraka vyake vinne. Mje na majibu: kiraka kipi kilishinda, na udongo wake ulitoka wapi. Tuandikieni nasi tujue, ili wenzenu wa vijiji vingine wajifunze kwenu.